Kumkinga aliyeumia uti wa mgongo na vidonda vya mgandamizo: mwongozo wa nyumbani kwa familia za Lindi na Mtwara

Kaka yangu alianguka kutoka kwenye mnazi huku kwetu Mchinga, Lindi. Uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku ile hana hisia kuanzia kitovuni kushuka chini. Tulijua miguu imekwenda. Hatukujua kwamba ngozi nayo imebaki bila mlinzi. Wiki ya tano, akiwa ameshatoka wodini, wifi yangu alikuwa anamwogesha akaona doa jeusi kwenye kitokono, halizidi sarafu ya shilingi mia mbili. Kwa juu lilikuwa kama mchubuko. Nesi wa zahanati alipolisafisha, ngozi ikafunguka, na ndani mlikuwa na shimo la kuingia kidole. Kidonda kile kilituchukua miezi saba kukiziba.

Nayaandika haya kwa mke, mama, wifi na mpwa ambao kesho watakabidhiwa mgonjwa wao mlangoni mwa wodi pamoja na karatasi ya dawa, bila mtu kuwaeleza habari ya ngozi. Nayaandika pia kwa aliyeumia mwenyewe, maana ngozi ni yake na amri ya ngozi hiyo inatakiwa itoke kinywani mwake. Vidonda hivi vingi sana vinazuilika. Havihitaji dawa ya bei kubwa. Vinahitaji macho, mikono na saa.

Kwanza elewa kinachotokea

Bonyeza ukucha wako kwa kidole cha mkono mwingine. Utaona unapauka, ukiachia, damu inarudi. Sasa fikiria kitokono kimebonyea juu ya godoro usiku mzima. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, na nyama isiyopata damu inakufa. Wewe na mimi hatulali namna hiyo kwa sababu mwili unatuuma na tunageuka hata usingizini. Aliyeumia uti wa mgongo hapelekewi habari hiyo. Anaweza kukaa juu ya kifuniko cha chupa kutwa nzima asijue.

Kuna jambo linalowapotosha wengi: mara nyingi uharibifu huanza chini kabisa, pale nyama inapokutana na mfupa, kisha unapanda juu. Kwa hiyo unachokiona kwenye ngozi kinaweza kuwa mdomo tu wa shimo. Ndiyo maana doa dogo jeusi halidharauliwi.

Mgandamizo una wasaidizi wawili. Wa kwanza ni kuburuzwa: mgonjwa anapoteleza kitandani, ngozi inabaki imenata kwenye shuka huku mfupa unasogea, na mishipa midogo ya damu katikati yake inanyongwa. Wa pili ni unyevu, yaani jasho, mkojo na choo. Ngozi iliyolowa kwa muda mrefu inalainika kama ya mtu aliyefua kutwa, na ngozi laini huchanika haraka.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wengi walioumia uti wa mgongo walikufa, na kilichowaua hasa ni vidonda hivi na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha wagonjwa hawa huko Stoke Mandeville, Uingereza, akaamuru kila mmoja ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Watu wakaanza kuishi. Na tusidhani hili ni tatizo la maskini tu: mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyepooza baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi na aliyekuwa na wauguzi na vifaa vya kila aina, alikuwa anatibiwa kidonda cha mgandamizo kilichoingia maambukizi alipofariki mwaka 2004.

Ukiwa bado wodini

Kidonda cha kwanza mara nyingi huanzia hospitali, au hata njiani kabla ya kufika, mgonjwa akiwa juu ya ubao au sakafu ya gari. Hospitali tuliyolazwa wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wengi. Siwalaumu kwa uchache wao, lakini hakuna aliyetuambia kwamba na sisi tunaweza kushika zamu. Basi uliza siku ya kwanza: "Mgonjwa wetu anageuzwa saa ngapi, na nani?" Omba ufundishwe. Kama mfupa wa mgongo haujatulia, usimgeuze peke yako hata kidogo. Anageuzwa kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda kwa pamoja, watu watatu au wanne, mmoja akishika kichwa na kutoa hesabu. Usiondoke wodini kabla wewe mwenyewe hujafanya mbele ya nesi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Hatua ya kwanza: zijue sehemu za hatari

Ni pale mfupa unapokaribia ngozi. Akilala chali: kisogo, mabega kwa nyuma, viwiko, kitokono, visigino. Akilala ubavu: sikio, bega, mfupa wa nyonga unaotokeza pembeni, upande wa goti, vifundo vya mguu. Akikaa: mifupa miwili ya makalio, kitokono kama anakaa kwa kujilaza nyuma, na nyayo. Kwa mwanamume, angalia pia korodani zisibanwe na uume usivutwe na mpira wa mkojo.

Mwambie kila anayemhudumia azishike sehemu hizo kwa mkono mara moja, azijue. Mpwa wa kaka yangu, yaani mwanangu, alikuwa na miaka kumi na sita alipofundishwa. Leo akiamshwa usiku anazitaja bila kukosea.

Hatua ya pili: kagua asubuhi na jioni

Asubuhi kabla hajaketi, jioni baada ya kutoka kitini. Kila siku, hata siku ya msiba, hata siku ya harusi.

Maelekezo mengi yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na ukiusubiri utachelewa. Tafuta sehemu iliyokolea kuliko jirani yake, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa. Kisha tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja upande wa kulia, halafu wa kushoto, ulinganishe joto. Bonyeza kidogo: je, pamekuwa pagumu kama embe bichi, au pamelainika na kubonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Tofauti yoyote kati ya upande na upande ni habari.

Ukiona alama, ondoa uzito hapo na uangalie saa. Ikitoweka ndani ya dakika 30, ngozi imesalimika, ila umeonywa: muda uliokaa ulikuwa mrefu mno. Isipotoweka, hicho tayari ni kidonda cha hatua ya kwanza hata kama ngozi haijachubuka, na hapo hapalaliwi wala hapakaliwi mpaka parudi kawaida.

Aliyeumia na ana mikono mizima ajikague mwenyewe kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Simu pia inasaidia. Picha moja kila jioni, mahali palepale, mwanga uleule. Ukilinganisha ya leo na ya juzi utaona ambacho jicho linasahau. Picha hizo zibaki kwenye simu yake yeye.

Hapa kuna jambo la aibu ambalo lazima lisemwe. Mimi ni dada yake. Kwa mila zetu siwezi kumvua kaka yangu nguo nikamtazama makalio, naye hawezi kukubali. Wiki tano za mwanzo wifi alikuwa mara nyingi yuko kwao kumuuguza mama yake, na hakuna aliyeangalia. Sote tulikuwa tunaona haya, na kidonda kikaota ndani ya haya zetu. Kaeni kikao kama familia, mjomba awepo, mseme wazi nani atakagua: mke, au mume, au mpwa wa kiume, au shangazi kwa msichana. Na awepo wa pili wa kushika nafasi wa kwanza akisafiri.

Hatua ya tatu: tengeneza kitanda

Kitanda cha kamba kinamfaa mtu mzima wa viungo, lakini kwa huyu kinabonyea katikati kama machela, mwili unaporomokea kitokononi na kugeuza kunakuwa kazi. Tandika mbao juu yake, mbao zilizopigwa randa zisiwe na misumari, kisha godoro.

Godoro la sponji liwe nene na lisiwe limekufa. Kulijua ni rahisi: mgonjwa akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikiangalia juu, usawa wa makalio. Kama unausikia mfupa wake, au sponji iliyobaki kati ya mkono wako na mwili ni nyembamba kuliko upana wa vidole viwili, godoro limekwisha. Unaweza kuongeza sponji nyingine juu. Usiongeze magunia wala mablanketi yaliyokunjwa, kwa sababu mikunjo yake inauma kama mawe.

Mito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Anahitaji minne au mitano. Huku kwetu sufi bado inapatikana. Shona mito midogo ya sufi, uianike juani mara kwa mara ili isigandamane.

Shuka iwe ya pamba na ivutwe isiwe na mikunjo. Nailoni ya kuzuia mkojo isiguse mwili, maana kwa joto la pwani inamchemsha. Juu yake tandika khanga mbili kuukuu. Mchanga na makombo ya mkate yakung'utwe kila mara. Pini, kibiriti na vifungo visibaki kitandani.

Tena, acheni ngata. Wengi wanakunja kitambaa kama ngata ya kubebea ndoo, au wanaleta tairi la ndani la baiskeli lenye tundu katikati, wanaweka chini ya kitokono au kisigino ili "kidonda kisiguse". Pete hiyo inabana damu pande zote na kulifanya lile eneo la katikati likose damu zaidi. Inadhuru.

Hatua ya nne: geuza kwa saa, siyo kwa kukumbuka

Kanuni ya kuanzia ni kila saa mbili. Saa zetu zinatusaidia: fuata saa za shufwa. Saa kumi na mbili asubuhi chali, saa mbili ubavu wa kulia, saa nne ubavu wa kushoto, saa sita chali, na kuendelea. Andika kwa chaki au mkaa ukutani juu ya kichwa chake: saa, upande, na jina la aliyegeuza. Bila jina kila mtu atadhani mwenzake amegeuza. Adhana ya alfajiri, adhuhuri na nyingine zinasaidia kukumbusha, lakini haziendi kwa saa mbili mbili, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Weka kengele ya simu.

Akilala ubavu, asilale moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Mlaze nusu ubavu: weka mto mrefu nyuma ya mgongo kuanzia begani mpaka makalioni, aegemee, ili uzito ushikwe na nyama ya kalio wala siyo mfupa. Mto mwingine kati ya magoti na vifundo visigusane. Akilala chali, mto chini ya vigimbi vya miguu kwa urefu wake, visigino vikining'inia hewani. Pitisha karatasi chini ya kisigino. Ikipita bila kukwama, umepatia.

Asiinuliwe kichwa kwa mito mingi kwa muda mrefu, isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye. Akiinuliwa anateleza polepole, na kuteleza huko ndiko kuburuzwa nilikokueleza.

Kulala kifudifudi ni hazina isiyotumiwa. Makalio, kitokono na visigino vyote vinapumzika kwa pamoja. Mto chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja juu ya magoti, mwingine chini ya miguu ili vidole visibonyee. Anza na dakika 15 mchana, ongeza taratibu. Aliyeumia shingo au mwenye shida ya kupumua asijaribu kabla ya kumuuliza daktari.

Usiku ndipo familia zinapochoka, na mimi nasema kweli: hakuna mtu anayeweza kuamka kila saa mbili kwa miaka. Ngozi ikishakuwa nzima kwa wiki kadhaa na godoro likiwa zuri, ongezeni nusu saa. Asubuhi kagueni. Hakuna alama? Baada ya siku chache ongezeni nusu saa nyingine. Ikitokea alama, rudini nyuma. Kila mtu na ngozi yake, nanyi mtaijua ya kwenu.

Hatua ya tano: inua, usiburuze

Chukua shuka imara, ikunje mara mbili, iwe chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani. Watu wawili washike pande mbili karibu na mwili, wahesabu, wainue ndipo wasogeze. Mtu akikwambia "mvute tu kidogo," kataa. Kwenda kwenye kiti, ubao laini uliopakwa nta na kufunikwa kitambaa unaweza kuwa daraja, mradi asiteleze juu yake bila nguo. Angalia matairi ya kiti na breki zake zisimkwaruze makalio.

Hatua ya sita: kiti mwendo na mto wake

Kiti bila mto mzuri ni hatari kuliko kutokuwa na kiti. Turubai la kiti likilegea, weka ubao chini ya mto uwe bapa. Mto wenyewe uwe wa sponji ngumu chini na laini juu, na fundi mzuri atauchonga bonde kidogo pale mifupa ya makalio inapokaa.

Shirika la Afya Duniani linafundisha jaribio la mkono ambalo hata sisi tunaweza kulifanya. Mtu akiwa amekaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, juu ya mto. Ukiweza kuvichezesha vidole juu na chini kidogo, kama nusu sentimita, ni salama. Vikishindwa kucheza lakini vinachomoka bila shida, ni onyo. Vikibanwa mpaka kuchomoa ni kazi, mto huo haufai kukaliwa. Rudia jaribio kila mwezi, maana sponji inakufa kimyakimya. Mto ukilowa mkojo, ukaushwe kivulini, siyo juani, kwa sababu jua huivunjavunja sponji.

Vikanyagio vya miguu navyo vina lao. Vikiwa juu sana, magoti yanapanda na uzito wote unarudi kwenye makalio. Mapaja yalale juu ya mto kwa urefu wake.

Kisha kupumzisha makalio: kila dakika 15 hadi 30, kwa muda wa dakika mbili hivi. Kujinyanyua kwa mikono sekunde tano hakutoshi, damu haijarudi bado, na kunamaliza mabega. Afadhali ainame mbele kifua kikielekea mapajani, kama anafunga kamba za viatu, au ajiegemeze upande mmoja kisha wa pili. Asiyeweza mwenyewe, mwenzake amwinamishe akimshika mabega. Kaka yangu anauza vocha na soda barazani. Kila mteja akiondoka, anainama. Wateja wameshazoea.

Mifuko ya nyuma ya suruali iwe mitupu, hakuna pochi, funguo wala simu. Suruali ya jinzi yenye mshono mnene makalioni aiache. Viatu viwe vikubwa kuliko saizi yake ya zamani, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Hatua ya saba: ngozi iwe safi na kavu

Mkojo na choo vikipangiwa saa, ngozi inapona nusu ya matatizo yake. Zungumza na nesi kuhusu kutoa mkojo kwa mpira kwa saa maalumu, na choo kwa wakati uleule kila siku au kwa kuruka siku moja. Usimnyime maji ili asikojoe. Mkojo mzito unaunguza ngozi na kuleta maambukizi.

Akichafuka, aoshwe mara moja kwa maji na sabuni isiyo kali, akaushwe kwa kugusagusa, siyo kusugua, kisha mafuta kidogo ya kupaka. Poda nyingi hugandana na kuwa chengachenga. Wenzetu wa Newala na uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida, ndoo ikiwa moja, sehemu za siri na makalio zianze.

Usisugue wala kukanda mahali palipobadilika rangi, hata kama bibi anashauri mafuta ya nazi na kukandwa. Chini yake nyama imeumia, unaichana zaidi.

Jambo jingine ni moto, nalipitia haraka: asiweke sufuria wala kikombe cha chai mapajani, asikae miguu ikielekea jiko, asipakiwe bodaboda mguu ukigusa eksozi. Chuma cha kiti kilichoachwa juani kinaunguza, naye hatajua.

Chakula

Ngozi inajengwa kwa protini, na Kusini hatuna sababu ya kukosa. Mbaazi, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai, karanga, ufuta, korosho. Ugali wa muhogo au ming'oko peke yake inashibisha bila kujenga, kwa hiyo kila mlo uwe na kimojawapo kati ya hivyo. Kisamvu na matembele kwa ajili ya damu, pamoja na embe, pera au mabibo ya msimu. Aliye na kidonda anahitaji zaidi, maana yale majimaji yanayotoka kidondani yanabeba protini ya mwili wake. Sigara hubana mishipa ya damu. Uraka na pombe nyingine zinamlaza mtu fofofo akapitwa na zamu ya kugeuka, na mgeuzaji akinywa ni vilevile.

Msimu wa korosho

Nauwekea sehemu yake kwa sababu nimeona. Oktoba na Novemba nyumba zinabaki tupu. Watu wanaamkia mashambani kuokota, aliyeumia anaachwa na chai kwenye chupa na mtoto mdogo, mpaka alasiri. Saa nane za kukaa juu ya kitu kimoja. Korosho zikiuzwa, fedha inakwenda kwenye nauli za hospitali.

Pangeni kabla msimu haujaanza. Mtu mmoja mwenye nguvu abaki kwa zamu, na siku yake ihesabiwe kama siku ya kazi shambani, alipwe kwenye mgao. Kama anaweza kwenda shambani, aende na godoro lake, alazwe kifudifudi kivulini chini ya mkorosho. Kaka yangu ndiye anayehesabu magunia. Wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, asiwepo.

Safari

Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Akienda kwenye basi, mto wa kiti mwendo utoke kwenye kiti umfuate, aukalie. Usiache ukafungwa kwenye buti. Ainamishwe mbele kila nusu saa, na basi likisimama alazwe ubavu hata dakika kumi. Kwa gari la kukodi, alazwe juu ya godoro na kusimama kumgeuza. Beba maji, khanga, mipira ya mkojo na chakula cha ziada: Mei 2024 mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalipokata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikwama. Fika, mkague kabla hamjasalimia wenyeji wote.

Doa likionekana, au kidonda kikifunguka

Dawa ya kwanza ni kuondoa uzito, na bila hiyo nyingine zote ni bure. Kama ni kwenye kalio, hakuna kukaa kabisa, hata kwa ajili ya mgeni. Kama ni kisigino, hakuna kiatu. Piga picha, pima upana kwa rula, andika tarehe.

Lengelenge usilipasue. Kidonda cha juujuu kisafishwe kwa maji ya chumvi: chemsha lita moja ya maji, weka vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, yapoe, mwagilia taratibu. Funika kwa shashi safi iliyoloweshwa maji hayo na kukamuliwa, juu yake shashi kavu. Osha mikono kabla na baada. Kidonda kisiachwe wazi "kipate hewa", inzi wataingia. Kisha onana na nesi kesho yake, siyo wiki ijayo.

Usimwagie unga wa vidonge vya rangi mbili, majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala spiriti. Vinaua nyama changa inayojaribu kuota. Maji ya bahari nayo hayafai, yana vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye damu. Gamba jeusi usilikate nyumbani.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona shimo, mfupa au kitu cheupe ndani, usaha, harufu mbaya, joto au uvimbe unaosambaa, homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa. Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au hospitali kubwa iliyo karibu nawe.

Wapo walioumia kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, pamoja na shingo. Kwao kidonda, au hata kibofu kilichojaa, kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Dalili ni kichwa kugonga vibaya, jasho usoni, vinyweleo kusimama. Usimlaze. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au umeziba, ondoa kinachombana ngozi. Isipotulia ndani ya dakika chache, mpeleke hospitali akiwa amekaa hivyohivyo. Inaweza kuua.

Kidonda kikiziba, kovu halirudishi nguvu yote ya ngozi ya zamani. Kwa hiyo hakuna kurudi kitini kwa furaha kutwa nzima. Siku ya kwanza akae dakika 15, alazwe, akaguliwe. Alama ikiisha ndani ya nusu saa, kesho tena 15 mara mbili. Baada ya siku chache ongezeni dakika 15. Kaka yangu ilimchukua wiki sita kufikia kukaa muda wa saa nne barazani, na wakati wote huo mwanangu alikuwa anaandika kwenye daftari la shule: saa aliyoketi, saa aliyolala, na neno moja la hali ya ngozi.